Mstari wa Dinah

Mboghoni, Taveta
Jumapili, 12 Januari 1997

Baba Lewis,

Nilifika salama na nikaanza kazi siku ileile, hata begi sikuwa nimefungua. Usisome barua hii ukiwa na njaa, maana nitaandika habari za bamia mpaka uchoke.

Shamba hili ni la bamia za kupelekwa ng'ambo kwa ndege. Tuko wanawake kama themanini. Kila mmoja ana mstari wake, mrefu kutoka mfereji wa maji mpaka barabara, na kwenye kichwa cha mstari kuna kijiti chenye namba. Wangu ni arobaini na moja. Tunaingia kukiwa na umande, tunachuma zile zenye urefu wa kidole, kisha tunakwenda shedini kuchambua mpaka gari lije. Bamia haijui Jumapili. Iache siku moja tu, kesho yake imekuwa ngumu kama mpini wa jembe na wateja hawaitaki. Ndiyo maana leo nakuandikia nikitoka kazini, si kanisani.

Ile mimea ina vinyoya ambavyo macho hayavioni lakini ngozi inavijua. Mikono inawasha mpaka nashindwa kushika kijiko. Glavu tumeahidiwa. Kwa sasa tunavaa ahadi.

Sasa sikia jambo lenyewe. Nyapara wetu anaitwa Bwana Donald. Siku ya kwanza alitusomea sheria. Mwanamke atakayemaliza miezi sita bila kukosa hata siku moja, tarehe 30 Juni anaandikwa kazi ya kudumu. Anapewa kadi, likizo yenye malipo, na chumba cha kukaa na watoto wake. Akikosa siku moja, awe amefiwa au anaumwa, anaanza kuhesabu upya. Wako hapa walioanza upya mara tatu. Wanapenya kwenye ua wa nyuma kwenda kuona watoto, wakirudi wanakuta namba yao imepewa mtu mwingine.

Mimi nataka kuandikwa, Baba Lewis. Niliachia shule darasa la sita, cheti sina. Kadi hiyo ndiyo itakuwa cheti changu. Na tangu kazi yako ya Voi iishe tumeangaliana macho vya kutosha.

Kwa hiyo mpaka Juni sitakuja. Uji unajua kupika. Lakini kabichi zinakungoja shambani, na Shanice na miaka yake miwili hawezi kubaki peke yake Lewis akiwa shuleni. Nimemwandikia mama yangu kule Ndara aje akusaidie. Usinikasirikie.

Mkeo,
Dinah


Mgange
2 Februari 1997

Mama Lewis,

Barua yako ilifika, na mama yako akafika siku moja baadaye, na kuku wawili na godoro lake.

Tunaishi vizuri sana. Tangu aje hatujagombana hata neno moja. Watoto wanakula, nyumba imefagiliwa, nguo zimefuliwa. Mimi sina shida. Nalala vizuri, mahali penye hewa nyingi. Maundu anakusalimu. Ameanza kununua kabichi zetu na kuzipeleka soko la Taveta kwa lori lake, kwa hiyo barua nyingine nitampa yeye.

Ulizungumza habari za hasira. Mimi hasira sina. Nakuuliza tu, na unijibu ukipata nafasi: kwenu mama mkwe akimwona mkwe wake huwa anakimbia kwa muda gani? Ni mwezi mmoja au ni maisha?

Danson


Mgange
2 Februari 1997

Dada Dinah,

Anayeandika ni mimi Elsie, jirani yako. Mama yako anasema na mimi naandika. Haya, anaanza.

Mwanangu, umenitia katika nyumba ya mkwe wangu kama mtu anavyopakia mbuzi kwenye lori, bila kumuuliza. Umekaa sana na Wataita hata umesahau wewe ni mtoto wa Mumbe? Wataita nao wana heshima yao kwa mkwe, sikatai, lakini sisi Wakamba tuna aibu kamili. Mama hali na mkwe wake, halali naye chini ya paa moja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Wiki hii nimeingia kichakani mara nne, na vichaka vya huku kwenu milimani vina viwavi.

Siku niliyofika mumeo alikuja mbio kunipa mkono. Mkono! Nikaruka nyuma nikaangukia kabichi zake. Tatu zimekufa. Sikumlaumu, kwa kuwa kumlaumu ni kusema naye.

Sasa yeye analala kwenye banda la Maundu la viazi. Maundu ni Mkamba mwenzetu, alielewa bila kuambiwa. Nikitaka kitu namwambia Shanice: mwambie baba yako chumvi imekwisha. Mtoto hajui maneno zaidi ya kumi, ananitazama tu. Lakini baba yake anasikia kutoka nyuma ya jikoni, na chumvi inaletwa. Naye juzi alimwambia mtoto: mwambie bibi yako yale maharagwe yalikuwa matamu. Yalikuwa matamu kweli.

Nitakaa mpaka Juni kwa ajili yako. Lakini ujue ulichonifanyia.

Mama yako,
Mumbe

Amekwenda kuangalia sufuria, kwa hiyo hapa ni Elsie. Usihuzunike. Watoto wamenenepa, na sisi majirani hatuna haja ya redio tena.


Mboghoni
23 Februari 1997

Baba Lewis, na Mama, na wewe Elsie unayejifanya kalamu tu,

Nimezisoma barua zote mbili kwa sauti shedini, na kazi ikasimama. Khairat alicheka mpaka akakaa juu ya kreti ya bamia, na Bwana Donald akamwambia bamia zilizokaliwa haziendi ng'ambo. Khairat ni mwenzangu wa mstari wa arobaini na mbili, mwanamke wa Voi, mrefu, mcha Mungu na mtundu. Amemwacha mwanawe Sufian kwa dada yake huko Voi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuingia shambani. Kuwasha hakujaisha, lakini sasa nashika kijiko.

Baba Lewis, nisamehe. Nilijua habari za aibu, mimi si mgeni wa kwetu. Nilifikiri shida itaishinda. Nilifikiri mama ataona watoto, atasahau. Sasa nimekufukuza kitandani mwako nikiwa mbali huku.

Sitawaficha, kazi ni nzito. Juzi mwanamke wa namba kumi na tisa alianguka kwenye mstari kwa sababu ya jua, akaamka akaendelea kuchuma, anaogopa kuandikwa mgonjwa. Titi langu lilikauka wiki ya pili. Nilikuwa nakamua nyuma ya choo nikilia, sasa silii wala sikamui. Lakini nikimaliza mstari nikageuka, nikauona wote umechumwa safi kutoka mfereji mpaka barabara, moyo unafurahi. Sijawahi kumiliki kitu kirefu hivyo.

Mama, karatasi hii ndogo ya pembeni Maundu atampa Elsie peke yake akusomee sikioni: si kuna mbuzi wa kuondoa aibu hiyo? Namwambia Baba Lewis atafute?

Dinah


Mgange
16 Machi 1997

Dada Dinah,

Mama yako anajibu:

Usimwambie! Mbuzi yupo, ndiyo. Mkwe akimpa mama mkwe mbuzi na blanketi, aibu inafunguliwa, wanapeana mikono na wanakula pamoja. Lakini lazima atoe kwa moyo wake. Akiambiwa, haihesabiki, ni sawa na kununua. Baba yako alimpa mama yangu baada ya miaka kumi na moja. Kwa hiyo funga mdomo. Wewe kazi yako ni bamia.

Lewis amekuwa wa nne katika mtihani wa darasa la tatu. Mumeo alifurahi akaimba nyuma ya jikoni. Anaimba vibaya. Nilimwambia Shanice amwambie.

Mumbe

Elsie hapa. Nami nimekatazwa kumwambia Danson. Sijui nitavumilia mpaka lini. Ananijia na kuniuliza, "Elsie, huyu mama nimemkosea nini?" nami naishia kutazama juu kama mtu anayetafuta mvua.


Mgange
18 Mei 1997

Mama Lewis,

Habari za siku nyingi. Mvua imenyesha vizuri. Kabichi ni nzuri. Ng'ombe wa Maundu amezaa. Barabara imeharibika kidogo halafu ikatengenezwa. Shanice hajambo. Lewis hajambo na anasoma. Mama yako hajambo. Kabichi, kama nilivyosema, ni nzuri. Shanice hajambo.

Wewe fanya kazi, usiwe na wasiwasi wowote. Imebaki kidogo.

Wako,
Danson


Mboghoni
25 Mei 1997

Baba Lewis,

Umeandika Shanice hajambo mara mbili. Lewis mara moja.

Nimeolewa nawe miaka kumi. Hujawahi kuniandikia habari za barabara. Mwezi mzima mama hajaniletea neno, na Elsie ambaye huwa haachi pembe ya karatasi bila kuijaza, amenyamaza. Tangu nipate barua yako nachuma bila kuona ninachochuma. Bwana Donald amenirudishia kreti mbili.

Niambieni mtoto ana nini. Mkinidanganya tena napenya kwenye ua wa nyuma kesho yake, na miezi mitano yangu iende na maji ya mfereji.

Dinah


Mgange
1 Juni 1997

Dada Dinah,

Leo ni Elsie peke yake. Hakuna anayesema pembeni. Maundu ameahidi barua hii itakuwa mkononi mwako keshokutwa.

Kwanza: Shanice ni mzima. Ninavyoandika yuko mbele yangu anakula ugali na kuupaka kwenye kiti changu. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Tarehe nane Mei alianza kukohoa. Usiku wa tarehe tisa akawa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Mama yako alitoka nje kwenye mvua, akaenda mpaka bandani kwa Maundu na kupiga mlango kwa ngumi mbili. Akamwita mumeo kwa jina lake. "Danson! Mtoto!" Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Danson alimbeba Shanice ndani ya koti, mama yako nyuma yake na mwavuli, wakashuka mpaka hospitalini kwa miguu. Njiani palikuwa na utelezi, na Danson akamwambia, "Mama, shika mkanda wangu." Akashika. Walikwenda hivyo hadi chini.

Ilikuwa nimonia. Alilala hospitalini siku tisa. Kulikuwa na benchi moja kando ya kitanda, na muuguzi hakuwa na habari za aibu ya mtu. "Baba kaa huku, bibi kaa pale, shikeni mtoto nitafute mshipa." Wakakaa. Siku ya nne mtoto alifungua macho akaomba ndizi.

Walikubaliana hapo kwenye benchi usijulishwe. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chai. Mumeo alitaka kukuita. Mama yako akasema, "Akija hapa atamtazama tu, sisi tunamtazama tayari. Kazi yake akiipoteza, sote hatutakuwa na wa kumtazamia." Danson akalia, kisha akakubali. Nami nikaapishwa. Nimevunja kiapo. Ulivyoandika habari za ua wa nyuma sikulala.

Na jambo la mwisho. Siku mtoto aliporuhusiwa, Danson alikwenda Mwatate hakusema anakwenda kufanya nini. Akarudi na mbuzi na blanketi jekundu. Akasimama uani mbele ya mama yako. "Mama," akasema, "sijui desturi yenu vizuri. Lakini mtu aliyeshika mkanda wangu usiku ule sitaki aingie kichakani tena kwa sababu yangu." Mama yako akamtazama mbuzi muda mrefu. Akasema, "Danson, huyu ni mbuzi au ni paka mwembamba wa misheni?" Kisha akampa mkono. Akamshika mkono ule kwa mikono miwili, akakataa kuuachia.

Hakuna aliyemwambia. Nakuapia.

Elsie


Mboghoni
Alhamisi, 5 Juni 1997

Baba Lewis na Mama,

Ninyi wawili mlikosana miezi minne, na jambo la kwanza mlilopatana ni kunidanganya.

Tarehe kumi na mbili Mei naikumbuka. Khairat alikuwa anaiga mwendo wa Bwana Donald, na nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mwanangu alikuwa na sindano mkononi na mimi nilikuwa nacheka. Mmeniibia siku hiyo. Najua mlifanya kwa mapenzi. Mama, najua ulichosema ni kweli, nisingefanya lolote ila kumtazama. Lakini kumtazama kulikuwa haki yangu. Mngeniachia nichague mwenyewe, hata kama ningechagua vibaya.

Nimeandika hayo, sasa yametoka kifuani. Ninawapenda. Mbuzi amenifanya nilie mbele ya watu.

Sikieni. Jana nilifunga begi. Nilikuwa naelekea kwenye ua wa nyuma Khairat aliponishika kanga. "Unakwenda wapi na mwezi haujaisha?" Nikampa barua ya Elsie. Akaisoma yote pale, akaenda kuwasomea wengine. Walirudi kumi na wanane. Khairat akasema, "Bwana Donald asubuhi hupita na daftari, anatazama kama mstari umechumwa, anapiga alama kwenye namba. Ukichumwa, umechumwa. Tupe aproni yako." Jumatatu, Jumanne na Jumatano watauchuma mstari wangu kwa zamu, kila mmoja kipande, kabla hawajaanza yao. Aproni yenye arobaini na moja itavaliwa shedini na atakayepata nafasi.

Wanajua wakigunduliwa wataanza kuhesabu upya pamoja nami. Namba kumi na tisa, yule aliyeanguka, amebakiza wiki tatu tu aandikwe. Alikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Huenda nikafika kabla ya barua hii. Msichinje mbuzi.

Dinah


Mgange
15 Juni 1997

Mama Lewis,

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Nilikuona ulivyobadilika uso Shanice alipojificha nyuma ya gauni la bibi yake. Ulikaa chini mlangoni, begi bado begani, ukajifanya unakula mahindi yako wala huna habari naye. Mpaka akaja mwenyewe kukagua unakula nini. Sasa anakutafuta. Asubuhi anafungua begi la Lewis la shule anatazama ndani kama umo.

Mama yako anasema umekonda, lakini mikono yako imekuwa ya mtu anayejua kazi. Amesema hivyo kwangu mimi, mezani, tukila. Bado nashtuka akinisemesha. Naye amegundua sasa anaweza kunilaumu moja kwa moja, na ana malimbikizo tangu Januari. Jana ilikuwa zamu ya kabichi tatu za siku ya kwanza. Kumbe kosa ni langu, nilizipanda karibu na njia.

Sasa tarehe 30 inakaribia na mimi naogopa. Wakikuuliza kama ulikosa siku, sema ulikuwepo. Alama ziko kwenye daftari. Usijitie kitanzi kwa mdomo wako, nakujua.

Danson


Mboghoni
Jumamosi, 5 Julai 1997

Baba Lewis, Mama, Elsie, na Maundu ambaye najua anasomewa,

Nimeandikwa.

Sasa kaeni chini niwaeleze, maana haikuwa rahisi.

Jumatatu tuliitwa ofisini wanawake saba. Meneja alikuwa mezani, Bwana Donald amesimama kando na daftari lake. Alianza na wengine. Ikafika zamu yangu. Meneja akatazama alama zangu, akasema, "Namba arobaini na moja, miezi sita kamili. Hujakosa hata siku moja?"

Baba Lewis, nilitaka kufuata maneno yako. Mdomo ulifunguka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimewaandikia ninyi karatasi nzima kwa kunidanganya. Nikasema, "Nilikosa siku tatu. Mwanangu alilazwa mwezi wa tano sikuambiwa. Nilipoambiwa nilikwenda kumwona."

Meneja akamgeukia Bwana Donald. "Na hizi alama?"

Bwana Donald akakohoa. Akasema, "Bwana, namba arobaini na moja ni mwanamke mfupi, na huchuma bila kusema neno. Tarehe tisa alikuwa mrefu. Tarehe kumi alikuwa mnene. Tarehe kumi na moja aliimba kaswida kutoka mfereji mpaka barabara. Nilijua. Lakini mstari ulikuwa umechumwa, na gari liliondoka limejaa siku zote tatu."

Mlango haukuwa umefungwa. Khairat alikuwa nje na nusu ya shedi. Akaingia bila kuitwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Akasema, "Bwana Meneja, kaswida ilikuwa yangu, samahani kwa sauti. Kama yeye amekosa, basi na mimi nimekosa, na hawa kumi na saba. Tufute wote. Ila kesho asubuhi sijui bamia utachuma na nani."

"Mnanitisha?" meneja akauliza.

"La, bwana. Tunakueleza hesabu ya mistari."

Meneja akamuuliza Bwana Donald mwaka jana alipoteza wanawake wangapi kwa sababu ya watoto kuugua. Akajibu thelathini na mmoja, na kila aliyetoroka mstari wake ulilala na bamia zake kuwa ngumu, na kila mgeni alichukua mwezi mzima kujifunza. "Hawa hawakupoteza hata kreti moja," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kutukana.

Meneja akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasoma. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa apewe siku tatu, mradi amjulishe nyapara waziwazi na wenzake wakubali kuchuma mstari wake. Siku hizo hazitamrudisha nyuma. Akaweka sahihi. Halafu akachukua kadi yangu akaweka sahihi hapo pia. Namba kumi na tisa naye ameandikwa. Alipopewa kadi yake aliinusa.

Tulipotoka nje wale wenzangu walinibeba. Walinizungusha shedi nzima na aproni zao chafu, mtu mmoja akaniangusha, hata sikuumia. Bwana Donald akapiga kelele kwamba gari linakuja. Hakuna aliyegeuka.

Chumba nimepata. Kina dirisha moja linalotazama milima ya huko kwenu, siku isiyo na ukungu. Lewis amalizie mwaka huko shuleni kwake, asihamishwe katikati. Shule zikifungwa Agosti njooni wote. Mama, nimemwomba jirani yangu wa hapa akupe kitanda, na Shanice atabaki nami. Baba Lewis, wewe na kabichi zako mtakuja na Maundu kila siku ya soko, na Desemba likizo yangu yote ni yako. Si maisha ya kukaa pamoja kila siku, najua. Ni mazuri kuliko tuliyokuwa nayo Januari.

Nilikuwa nimefikia hapo nikaitwa nje, ndiyo maana wino umebadilika. Ujumbe umetoka Voi kwamba Sufian wa Khairat ana surua. Khairat alikimbilia ua wa nyuma kwa mazoea, sote tukamwita arudi. Akaenda kwa Bwana Donald, akamwambia kwa sauti kila mtu asikie. Bwana Donald akaandika jina lake. Akauliza, "Nani anachukua arobaini na mbili?" Mikono ikainuka mingi mpaka akachoka kuhesabu.

Ameondoka sasa hivi. Saa sita mchana, jua kali, begi kichwani, kupitia geti kubwa la mbele. Bwana Donald mwenyewe ndiye aliyelifungua.

Wenu,
Dinah